Kabla ya Kupanda Boti: Safari ya Eastlands hadi Mbita

Mtu wa Nairobi akisikia neno bandari anawaza Mombasa. Lakini kuna familia za Makongeni, Kaloleni na Shauri Moyo ambazo ocha yao ni visiwani, na bandari inayowahusu ni Mbita, kwenye Ziwa Victoria. Ukienda Mfangano, gari unaliacha hapo na kupanda boti. Kabla hujapanda kuna swali dogo ambalo halimo kwenye vitabu vya historia: gari tunaliacha wapi, na nani atabaki nalo?

Zamani swali hilo halikuwepo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Scotland, iliingia majini 1900, kabla reli haijafika. Wakoloni waliona treni na meli kama kitu kimoja, cha kubeba mizigo kutoka bara hadi pwani. Kuanzia 1948 hata jina la shirika lilisema hivyo: Reli na Bandari za Afrika Mashariki.

Mfanyakazi wa reli aliyekaa Muthurwa au Makongeni alilala kwenye nyumba ya reli, akapanda treni ya reli, akashuka Kisumu ambako reli inafika hadi gatini, kisha akaingia kwenye stima ya reli kuelekea Kendu Bay au Homa Bay. Tusiyapambe maisha hayo. Alisafiri daraja la tatu, chumba chake mtaani kilikuwa kidogo, na ubaguzi wa rangi ulimfuata hadi kwenye benchi la stesheni. Lakini kufika kwenye maji hakukumtaka awe na gari, wala dereva, wala mtu wa kulichunga.

Barabara ndiyo iliyobadilisha mambo, na mazishi ndiyo yanayoonyesha jinsi yalivyobadilika. Tom Mboya alipopigwa risasi Government Road, Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, alikuwa mbunge wa eneo tunaloliita leo Kamukunji. Yaani alikuwa mbunge wa mtaani kwetu. Nyumbani kwao kulikuwa Rusinga, na maiti yake ilisafirishwa kwa msafara wa magari kupitia Bonde la Ufa hadi Nyanza. Wakati huo hapakuwa na njia ya gari kati ya Mbita na Rusinga. Tuta lilijengwa miaka ya 1980, na daraja likaja baadaye sana. Hata waziri wa serikali, mwenye ving'ora mbele na nyuma, ilibidi avushwe maji.

Baada ya hapo gari likashinda kabisa. Mwaka 1973 Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria kihalali, na mtu wa Eastlands akazoea kusafiri usiku kwa barabara. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na meli za ziwani zikagawanywa. MV Victoria, iliyounganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961, ikaenda Tanzania. Miaka ya 1990 magugu-maji yakaziba ghuba ya Kisumu. Mnyororo wa nyumba, treni na meli ukakatika, na kila familia ikabaki kujipangia safari yake.

Miaka michache iliyopita nilisindikiza maiti ya mzee jirani yetu hadi Mfangano. Tulitoka Makongeni saa mbili usiku, tukapita Narok, Kisii na Homa Bay, tukaingia Mbita alfajiri. Boti za mbao tulizokodi zilikuwa zinangoja. Jeneza liliingia kwanza, halafu akina mama, wengine wameshika viatu mkononi kwa sababu maji yalikuwa magotini. Basi likabaki. Dereva alikataa kuliacha peke yake, na alikuwa hajalala usiku mzima.

"Gari ni ya wenyewe, kijana," aliniambia. "Kioo kikipasuka nitamwambia nini mdosi?"

Kamati ikaamua vijana wawili wabaki na yeye. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimjua yule mzee tangu nikiwa mtoto. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli nyuma ya ploti yetu. Saa anazikwa nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha basi nikila omena na chapati, naangalia mstari wa kisiwa kwa mbali. Dereva alikuwa amelala chini ya viti. Waliporudi jioni, mama mjane alinishika mkono akasema, "Asante kwa kutuangalizia gari." Hakuna aliyenicheka. Kila mtu alijua kuwa hiyo pia ni kazi ya mazishi.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma bajeti ya mazishi huwa naanzia chini. Juu kuna jeneza, chakula na hema. Chini kabisa utakuta basi la siku mbili badala ya moja, boti kwenda na kurudi, chakula cha dereva, na wanaolala na gari. Gharama ya kungoja kando ya maji, ambayo zamani ilikuwa ya shirika, sasa inalipwa mia mia kwa M-Pesa na mama mboga, fundi wa Gikomba na kijana asiye na kazi.

Kuna watu wanaolalamika kwamba michango imezidi mtaani, na kuwa kila wiki kuna grupu jipya la WhatsApp. Sawa, inachosha. Lakini reli ilipoacha kutufikisha majini, hakuna aliyekuja kuchukua nafasi yake isipokuwa hao majirani wanaotusumbua kwa meseji. Nami nikiwa na mia, natuma.