Rovu na Kisukari: Tezi Mbili na Dawa Zake

Wasikilizaji, na ninyi msomao kijitabu hiki shuleni au nyumbani, leo twataka kueleza habari za viungo viwili vidogo vilivyomo katika mwili wa kila mtu, na jinsi wanadamu walivyokuja kujua kazi yake. Kimoja kiko mbele ya koo, nacho huitwa tezi ya shingo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Cha pili kimelala nyuma ya tumbo la chakula, nacho huitwa kongosho. Viungo hivi hutoa maji ya namna yake ambayo huingia katika damu na kuenea mwilini mwote. Wataalamu huyaita maji hayo homoni, jina lililotungwa Uingereza mwaka 1905 kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea au kuamsha.

Kazi ya homoni si ngumu kuifahamu. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai alipotawala Usambara kutoka mji wake wa Vuga, watu wa vijiji vya mbali hawakumwona kila siku, walakini wajumbe wake walifika na amri yake ikatendeka. Homoni nazo ni wajumbe. Tezi hukaa mahali pamoja, na mjumbe wake hupita katika damu hata akafika kila kiungo. Mjumbe asipofika, viungo havijui la kufanya, na mtu huugua.

Katika maradhi ya namna hii tutayaeleza mawili, rovu na kisukari. Tumeyachagua kwa sababu chumvi yenye ayodini ilianza kuuzwa Uswisi, na insulini ilianza kutumika kwa watu, katika mwaka mmoja, yaani 1922, lakini safari zake mpaka vijijini kwetu hazikufanana hata kidogo.

Tuanze na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengine huuita tezi la shingo. Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake bila kitu kiitwacho madini ya joto, au ayodini. Madini hayo ni mengi baharini, bali katika nchi za milima huwa haba, kwa kuwa mvua za miaka elfu nyingi zimeyaosha udongoni na kuyapeleka chini. Mtu alaye chakula cha udongo wa namna hiyo tu hupungukiwa, na tezi yake huvimba kwa kujitahidi kufanya kazi isiyowezekana. Uvimbe ndio uonekanao, lakini madhara makubwa hayaonekani kwa macho. Mama mjamzito aliyepungukiwa sana na madini ya joto aweza kuharibikiwa na mimba, au kuzaa mtoto ambaye akili na masikio yake vimedhurika, na madhara hayo hayaondoki maisha yake yote.

Waswisi, ambao nchi yao ni ya milima mirefu, waliteswa na rovu kwa karne nyingi. Huko Marekani, katika mji wa Akron, madaktari walianza mwaka 1917 kuwapa wasichana wa shule ayodini kidogo, wakaona kwamba waliopewa hawakuota rovu kama wenzao wasiopewa. Mwaka 1922 jimbo moja la Uswisi lilianza kuuza chumvi iliyotiwa ayodini. Waliiweka katika chumvi kwa sababu chumvi huliwa na kila mtu, tajiri na maskini, kila siku, wala hapana alaye nyingi mno.

Katika Tanzania kazi hiyo ilikawia. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipopima shingo za watu waliona rovu katika watu 25 hivi kwa kila 100. Kwanza, katika wilaya zilizodhurika zaidi, watu walipewa vidonge vya mafuta yenye ayodini. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilianza kuhimiza chumvi yote ya kuliwa itiwe madini hayo. Haikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa watengenezaji wengi wa chumvi wa pwani yetu ni watu wadogo wenye mashamba madogo, wasio na mashine. Hata hivyo, mwaka 2004 walipopimwa wanafunzi zaidi ya 140,000 wa shule za msingi katika nchi nzima, wenye rovu walikuwa 7 hivi tu kwa kila 100. Na nyumba zaidi ya 80 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini ya joto.

Tangu zamani chumvi imepanda milima yetu ikitoka pwani na nyika, mgongoni mwa wachukuzi na baadaye katika magari. Safari hii ilipanda na dawa ndani yake, na mama wa Mlalo au Mtae aliipata dawa hiyo sokoni bila kumwona daktari.

Sasa tuje kwenye kisukari. Watu wa kale waliyajua maradhi haya kwa dalili zake. Waganga wa Bara Hindi waliona kwamba mkojo wa wagonjwa wengine ni mtamu kama asali, na siafu na sisimizi huukusanyikia. Mganga mmoja wa Kiyunani, Aretaeus, aliyeishi yapata karne ya 2, alieleza kwamba nyama ya mgonjwa huyeyuka na kutoka katika mkojo. Lakini hawakujua asili yake. Hata mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, wataalamu wawili, von Mering na Minkowski, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akashikwa na kisukari. Ndipo ilipofahamika kwamba kongosho hutoa mjumbe fulani, na kwamba bila mjumbe huyo sukari hubaki katika damu badala ya kuingia viungoni na kuwapa watu nguvu. Mtu hula, na mwili wake una njaa.

Kwa muda wa miaka 30 na zaidi mjumbe huyo alitafutwa asipatikane. Katika siku hizo mtoto mwenye kisukari hakuwa na dawa ila kunyimwa chakula, apate kuishi miezi michache zaidi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na kijana Charles Best, katika chumba cha Profesa Macleod, walitoa maji ya kongosho la mbwa yaliyoshusha sukari ya damu. Na Collip, mtaalamu wa kemia, akayasafisha. Mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa, alipigwa sindano ya dawa hiyo. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Ya pili, baada ya siku 12, ilimfaa, na nguvu zikaanza kumrudia. Dawa hiyo ndiyo insulini. Wenye kuivumbua waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, kusudi pasiwe na mtu mmoja wa kuizuia.

Mwaka huo huo 1922 Tanganyika ilikabidhiwa rasmi kwa Waingereza na Shirikisho la Mataifa. Mji wa Lushoto, uliokuwa ukiitwa Wilhelmstal na Wajerumani, ulikuwa tayari na barabara ya kushuka mpaka reli ya Mombo. Njia ya kupitisha dawa ilikuwapo. Kwa nini basi insulini haikupanda mlima kama chumvi?

Sababu ya kwanza ni ile iliyomo katika dawa yenyewe. Insulini haiwezi kumezwa, kwa kuwa tumbo huisaga kama lisagavyo nyama. Ni lazima ipigwe kwa sindano, kila siku, kwa kipimo kinachotofautiana mtu na mtu. Ikizidi, sukari hushuka na mgonjwa huweza kuzimia. Ikipungua, sukari hupanda. Tena haivumilii joto kali wala baridi ya kugandisha.

Sababu ya pili ni fikira za watu. Daktari Albert Cook, wa hospitali ya misheni ya Mengo katika Uganda, aliandika mwaka 1901 kwamba kisukari ni haba katika nchi ile, lakini huua. Kwa miaka mingi baadaye madaktari walishika neno la kwanza wakasahau la pili. Ilidhaniwa kuwa kisukari ni maradhi ya Wazungu na Wahindi na matajiri wa mijini. Na asiyetazamia kuona kitu hukipita njiani.

Miongoni mwa waliohesabu hapa kwetu ni madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, nao ni Profesa McLarty, Daktari Swai na wenzao. Kutoka mwaka 1981 mpaka 1987 waliandika habari za wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari waliofika kwao, watu wa kila hali. Kisha walitoka wakaenda kupima damu za watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6. Mwaka 1989 wakatangaza kwamba waliougua hawakufika hata mmoja katika kila 100. Ilikuwa habari njema kwa vijiji. Lakini mwaka 2012, nchi nzima ilipopimwa, katika watu wazima wa miaka 25 mpaka 64, waliokutwa na kisukari walikuwa 9 hivi kwa kila 100. Watu wengi wameacha jembe na mwendo wa miguu, na vyakula vya sukari na mafuta vimekuwa rahisi kupatikana. Kisukari cha watu wazima hukua katika hali hiyo, na mara nyingi hutulizwa kwa chakula cha kiasi, mwendo na vidonge.

Mwaka 1992 madaktari hao wa Muhimbili waliuliza swali zito: Je, ni lazima kisukari kiwe maradhi ya kuua katika Afrika? Walihesabu gharama, wakaona kwamba mgonjwa wa insulini alihitaji dola 287 za Marekani kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Mkulima wa mahindi na maharagwe wa Soni au Bumbuli hakuweza kuipata fedha hiyo mwenyewe. Jibu lao lilikuwa wazi: maradhi haya yatibika, kinachoua ni kukosa dawa.

Uchunguzi wa miaka ya karibu umeendelea kutafuta njia ya kuishusha tiba kutoka hospitali kubwa mpaka karibu na watu. Katika Tanzania na Uganda, vituo 32 vya afya viligawanywa. Vingine viliwatibu pamoja, katika kliniki moja, wenye virusi vya Ukimwi, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Vingine viliwatenga kama desturi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023. Katika kliniki za pamoja wengi mno waliendelea kuhudhuria, wala wenye virusi hawakupata hasara. Maana yake, kituo chenye muuguzi, daftari na siku ya kliniki kwa ajili ya maradhi moja chaweza kuwapokea na wengine. Na kwa habari ya joto, wataalamu walipima katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, na katika maabara, wakatangaza mwaka 2021 kwamba chupa ya insulini iliyokwisha funguliwa huweza kukaa wiki 4 katika joto la digrii 25 mpaka 37 bila kupoteza nguvu zake. Kabla ya hapo wagonjwa wa kambini iliwapasa kwenda hospitali kwa kila sindano, kwa kuwa hawakuwa na friji nyumbani. Watu wa milimani, ambako usiku ni wa baridi ya kiasi, watafahamu upesi faida ya habari hiyo.

Lakini hapana dawa imfaayo mtoto ambaye maradhi yake hayakutambulikana, na hapa twawaomba mtusikilize sana. Kipo kisukari kinachowashika watoto na vijana, si kwa kula sukari wala kwa uvivu, bali kwa sababu kongosho limeacha kutoa insulini. Mtoto huwa na kiu isiyokwisha, huenda haja ndogo mara nyingi, huanza tena kukojoa kitandani, hukonda ingawa ala vizuri, na huchoka. Akiachwa, hutapika, huhema kwa nguvu, pumzi zake hunukia kama matunda yaliyoiva mno, kisha huzimia. Wengi husema ni malaria. Wengine husema amerogwa. Siku zinazopotea katika maneno hayo ndizo siku zilizobaki za kumwokoa. Tone moja la damu kidoleni, likipimwa, hutoa jibu katika muda wa dakika moja.

Basi, sisi waalimu yatupasa kumtazama mwanafunzi aombaye ruhusa ya kutoka kila mara, kabla hatujamkemea. Wazazi yawapasa kuomba damu ya mtoto ipimwe sukari mara tu waonapo dalili hizo, wasingoje siku ya soko. Wazee wa kijiji wanapokaa katika mkutano wa zahanati, waulize kama vipimo vya sukari vipo, na kama insulini yapatikana mahali ambapo mama aweza kufika na kurudi siku moja. Nayo chumvi mnunuayo, angalieni kama imeandikwa kuwa ina madini ya joto, iwekeni katika chombo kikavu chenye kifuniko, na mwitie chunguni karibu na kuepua, kwa kuwa moto mwingi huyapunguza madini hayo.

Rovu lilipungua kwa sababu dawa yake iliwekwa katika kitu kilichofika kila nyumba. Insulini haiwezi kutiwa chumvini. Ni lazima ipelekwe na watu: mwalimu aonaye, mzazi apelekaye, muuguzi apimaye, na serikali inunuayo. Mmoja wao akikosekana, mtoto wa mlimani leo atakufa kama walivyokufa watoto wa Toronto kabla ya mwaka 1922.