Kutoka Bogotá hadi Mwenge: historia ya mashine ya kufyatulia matofali

Katikati ya miaka ya 1950, mhandisi kutoka Chile aliyeitwa Raúl Ramírez alikuwa akifanya kazi Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, katika kituo cha utafiti wa makazi kilichojulikana kwa kifupi kama CINVA. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1951 chini ya umoja wa nchi za Amerika, ili kutafuta namna ambavyo watu wenye kipato kidogo wangeweza kujijengea nyumba imara. Ramírez aliunda sanduku la chuma lenye kifuniko juu, pistoni chini na mpini mrefu. Unajaza udongo uliochanganywa na saruji kidogo, unafunga kifuniko, unauvuta mpini kwa uzito wa mwili wako, kisha unaurudisha upande wa pili na tofali linapanda juu likiwa tayari kubebwa. Mashine ikaitwa CINVA-Ram, jina la kituo likiunganishwa na mwanzo wa jina la mbunifu. Mashine nyingi za mkono za matofali ya udongo zinazoonekana leo Tanzania, Kenya na Uganda zinatokana na sanduku lile.

Kila anayekusanya mtaji wa biashara ya matofali angepaswa kuijua historia hii. Wengi huanza na picha zinazotumwa kwenye simu: hii inatoa maelfu ya matofali kwa siku, ile inatumia dizeli, nyingine inasukumwa kwa mkono. Bei inajadiliwa, mkopo unatafutwa, mzigo unasubiriwa bandarini. Udongo au mchanga utakaoingia ndani ya mashine hufikiriwa mwisho, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kabla ya mashine kulikuwa na kalibu ya mbao, na kabla ya kalibu watu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama magofu ya Kilwa Kisiwani na Gede yanavyoonyesha hadi leo. Bara palikuwa na fito, udongo na nyasi. Wamisionari walipopanda bara walikwenda na ujuzi wa tanuru. Makanisa makuu mawili ya Kampala, Namirembe lililokamilika mwaka 1919 na Rubaga lililokamilika mwaka 1925, ni ya matofali ya kuchoma, na bado yanatawala vilima vyake. Ujuzi huo ukaenea hadi ukawa wa wanakijiji wenyewe. Iringa, Mbeya, Njombe na Kagera, kijana asiye na mtaji anaweza kukanyaga udongo kwa miguu, akaubamiza ndani ya kalibu, akaufyatua juu ya uwanja uliosafishwa, akauanika, kisha akapanga tanuru lenye matundu ya kuingizia kuni. Mashine haihitajiki, saruji haihitajiki. Gharama yake inalipwa na miti. Tanuru moja humeza magogo kwa siku na usiku kadhaa, na mahali palipojengwa sana kwa matofali hayo, kuni za kupikia zimesogea mbali na nyumba.

Tofali la saruji lina ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1900, Mmarekani Harmon Palmer alipata hataza ya mashine ya chuma yenye kuta zinazofunguka na viini vya kutengeneza matundu katikati ya tofali. Miaka michache baadaye kampuni ya Sears, Roebuck ilikuwa ikiuza mashine za namna hiyo kwa katalogi, na mkulima wa Marekani aliweza kuagiza moja kwa posta na kujifyatulia matofali ya nyumba yake. Mwaka 1904, katika mji wa Alpena jimboni Michigan, Jesse Besser na baba yake walianza kuunda mashine zao, na jina la Besser bado lipo katika biashara hiyo. Mashine za mwanzo zilitegemea mtu kushindilia kwa nyundo. Mabadiliko makubwa yalikuja pale mtetemo ulipochukua nafasi ya nyundo. Ukitetemesha mchanganyiko wenye maji machache, chembe za mchanga na kokoto hujipanga, hewa hutoka, na tofali husimama lenyewe mara tu kalibu inapoinuliwa.

Afrika Mashariki isingeweza kuufuata ukoo huo bila saruji yake yenyewe. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Tangu hapo tofali la inchi sita likawa tofali la mjini. Pita barabara yoyote ya pembezoni mwa Dar es Salaam utaona yadi zake: lundo la mchanga, lundo la vumbi la kokoto, vijana wenye machepe wakigeuza mchanganyiko sakafuni, na safu za matofali mabichi yanayosubiri kumwagiliwa. Mnunuzi mzoefu huuliza kwanza mfuko mmoja wa saruji umetoa matofali mangapi. Anajua kwamba bei rahisi hupatikana kwa kuurefusha mfuko, na kwamba tofali la namna hiyo litamomonyoka mkononi kabla halijafika kwenye msingi.

Turudi kwa Ramírez, maana mashine yake ndiyo iliyokusudiwa watu wetu. Ilikuwa na uzito wa kilo 63 hivi, ikabebwa na watu wawili bila shida. Ilitoa tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa unene wa 9, na kundi dogo la watu waliozoeana lingeweza kufyatua matofali 300 hadi 500 kwa siku. Haikuhitaji umeme, mafuta wala kuni. Vijana wa kujitolea wa Peace Corps waliisambaza katika nchi nyingi, na shirika la VITA la Marekani likachapisha kitabu cha maelekezo kilichopita mikono mingi ya mafundi na walimu.

Maelekezo hayo yalianza na udongo, na mpaka leo sijaona njia bora zaidi ya kumfundisha mtu kazi hii. Chimba chini ya tabaka la juu lenye mizizi na mboji. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, ukipake mafuta ndani. Jaza udongo wenye unyevu, ushindilie vizuri kwenye pembe, uuache juani siku kadhaa mpaka ukauke kabisa. Kisha usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Pengo likiwa chini ya sentimita moja na robo hivi, sehemu moja ya saruji inatosha sehemu 18 za udongo. Likikaribia sentimita 5, utahitaji sehemu moja kwa 12. Likizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi mno: ongeza mchanga au tafuta shimo lingine. Kisanduku hicho hakina gharama ya maana, na ndicho kinachosema biashara yako itakula saruji kiasi gani kwa miaka yote utakayoifanya.

Kipimo cha maji ni rahisi zaidi. Fumbata mchanganyiko mpaka ushikamane, unyooshe mkono usawa wa bega, uachie donge lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kuwa vumbi, maji hayatoshi. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache, anza kufyatua.

Kwa nini basi mashine nzuri namna hii haikuijaza nchi nyumba? Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba watu walikataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakabaki wakisubiri bati na saruji, ambayo aliiita udongo wa Ulaya. Alikuwa sahihi kuhusu gharama ya kusubiri. Lakini nadhani mwananchi naye alikuwa na sababu zake. Neno udongo lilimkumbusha ukuta uliosombwa na masika, na mahali mashine zilipotumiwa bila kupima udongo au bila kumwagilia matofali, mvua ya kwanza ilimthibitishia hofu yake. Ukuta mmoja uliobomoka kijijini huzungumza kuliko semina kumi.

Serikali ilikuwa imekwisha kuanzisha Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi mwaka 1971, ambacho mwaka 2001 kilifanywa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wenye makao yake Mwenge, Dar es Salaam. Hapo ndipo tofali la kufungamana lilipopata nguvu Tanzania. Wazo lenyewe lilikomaa Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Taasisi ya Teknolojia ya Asia iliyo karibu na Bangkok na taasisi ya utafiti ya nchi hiyo zilipoibadilisha mashine ya Ramírez ili tofali litoke na vinundu juu na mashimo chini. Tofali linakaa juu ya lenzake bila udongo wala saruji ya kuungia. Linalotengenezwa kwa mashine za Mwenge ni la milimita 300 kwa 150 kwa 100. Uganda, Dk. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliliendeleza zaidi, likiwemo tofali lililopinda la kujengea matangi ya maji, ambalo limewasaidia wengi mashuleni na majumbani. Kenya, shirika la ApproTec, lililoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, lilianza na mashine za matofali ya udongo kabla ya kupata umaarufu kwa pampu zake za umwagiliaji.

Kufungamana kumeleta nidhamu mpya ambayo wauzaji wa mashine hawaitaji sana. Katika ukuta wa kawaida, kosa dogo la unene wa tofali hufichwa na saruji ya kuungia. Katika ukuta wa kufungamana halifichiki. Matofali ya upande mmoja yakizidi ya upande mwingine kwa milimita 2 tu, baada ya mistari kumi ukuta umepishana sentimita 2, na vinundu havikubali tena kuingia mahali pake. Mstari wa kwanza usipolala sawasawa juu ya msingi, fundi atahangaika mpaka kwenye lenta.

Mwaka 1988 kampuni ya Hydraform ilianzishwa Afrika Kusini, ikaleta mashine za haidroli zenye injini ya dizeli. Shinikizo lake ni kubwa mara kadhaa kuliko mkono wa binadamu, na serikali ya Kenya ilizitumia miaka ya 2000 kueneza ujenzi wa gharama nafuu. Hapa mnunuzi anapaswa kuelewa tofauti moja ya kiufundi. Mashine ya mkono hubana mpaka kipimo kilekile kila mara, kwa hiyo ukijaza udongo pungufu utapata tofali la ukubwa sahihi lakini dhaifu. Mashine ya haidroli hubana mpaka nguvu ileile kila mara, kwa hiyo ukijaza pungufu utapata tofali gumu lakini fupi. Katika mashine ya kwanza mlinzi wa ubora ni ndoo ya kupimia, katika ya pili ni rula. Yadi isiyo na vyote viwili itauza matofali mabovu, iwe imelipia mashine milioni mbili au milioni sitini.

Kwa mashine za mtetemo za matofali ya saruji, swali la kwanza ni sakafu na umeme. Ile inayotembea na kuacha matofali chini kama kuku anayetaga inahitaji uwanja mkubwa wa zege ulionyooka. Ile inayosimama mahali pamoja inahitaji mbao nyingi za kubebea matofali mabichi na banda la kuyaweka. Nyingi zenye mota kubwa zinataka umeme wa njia tatu, na kuuvuta hadi kwenye kiwanja cha pembezoni kunaweza kula sehemu nzuri ya mtaji. Na zote zinataka maji ya kumwagilia siku saba angalau, kila siku, hata pale mteja anapopiga simu akitaka mzigo kesho.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashine ya Ramírez ilikuwa nalo na nyingi za leo hazina: mchomeleaji wa kawaida aliweza kuielewa kwa kuitazama. Pini ikilika, bamba likipinda, fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, analitengeneza siku hiyohiyo. Mashine ya haidroli ikivuja mpira wa ndani usiopatikana nchini, vijana wanane wanakaa bila kazi mpaka kifurushi kifike. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, katika eneo lenye udongo mwekundu mzuri na soko la nyumba za kawaida, naona bado mashine ya mkono ya kufungamana ndiyo chaguo la busara. Kwa mwenye mkataba wa shule au majengo mengi, na fundi mitambo wa kuaminika, ya haidroli italipa. Aliye mjini, mahali mchanga na vumbi la kokoto vinafika kwa lori na wateja wanadai inchi sita, anunue ya mtetemo.

Kabla hujalipa malipo ya awali, chimba udongo wa mahali utakapofyatulia, jaza ndoo, upeleke Mwenge kwenye maabara ya Wakala ukapimwe, na kama uko mbali na Dar es Salaam anza na kile kisanduku cha sentimita 60. Kisha mwambie muuzaji afyatue kwa udongo wako mbele ya macho yako, na akuonyeshe stoo ya vipuri. Akikataa, usinunue.