Majira ya Maji ya Masese
Tangu mwaka 1954, bwawa la Owen Falls, ambalo sasa laitwa Nalubaale, lilipofunguliwa na maporomoko ya Ripon yakazama, Ziwa Viktoria, pamoja na ghuba ya Napoleon iliyo mbele yako hapa Masese, limekuwa pia mithili ya hodhi, kwani kiasi cha maji yatokayo chatawaliwa na milango ya bwawa. Hapa karibu na ikweta joto la maji, takriban nyuzi 24 hadi 27 za sentigredi, halibadiliki sana, ila kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki huyapoza na kuyachanganya ya juu na ya chini. Mwogeleaji, licha ya viboko na mamba, ahofu zaidi kichocho, ambacho viluwiluwi vyake, vitokavyo kwa konokono wa magugu ya ufukoni, hupenya ngozi bila kuhisiwa, hasa wakati wa adhuhuri.