Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii Katika Ofisi ya Umma: Mipaka ya Kazi Yake na Haki za Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayefika katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au ya hospitali anaweza kupokewa na kijana ambaye bado yuko chuoni. Huyo ni mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo, ambayo ni sehemu ya lazima ya masomo ya fani hiyo. Yupo pale kwa barua ya chuo chake na kwa idhini ya ofisi iliyompokea. Hata hivyo, si mtumishi wa umma, na tofauti hiyo ina uzito kwa mtu aliyekuja kueleza habari za ndoa iliyovunjika, mtoto aliyepigwa au mzee aliyetelekezwa.

Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa Sheria Na. 26 ya mwaka 1973, na leo fani hii inafundishwa pia katika vyuo vikuu. Kwa kawaida mwanafunzi anayepangiwa halmashauri hupokewa kupitia ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji, kisha hukabidhiwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Tangu hapo anakuwa na wasimamizi wawili: afisa anayemwongoza kila siku kituoni, na mhadhiri anayemtembelea na kumpima. Kazi za kila siku huziandika katika daftari la kumbukumbu, ambalo msimamizi hulikagua na kulitia saini.

Umuhimu wa usimamizi huo unaonekana zaidi katika mashauri ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Mtoto anayetuhumiwa kwa kosa anapofikishwa mahakamani, Afisa Ustawi wa Jamii huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoeleza hali ya nyumbani, mwenendo wa shuleni, uhusiano wake na wazazi na mazingira yaliyomfikisha hapo. Taarifa hiyo humsaidia hakimu kuamua iwapo mtoto arudi nyumbani chini ya uangalizi au apelekwe shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya.

Mwanafunzi anaweza kufuatana na afisa hadi nyumbani kwa mtoto, kusikiliza na hata kuandika rasimu. Kutia saini taarifa inayokwenda mahakamani si kazi yake. Chukua mfano wa mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi samaki Feri. Mgeni anayefika kwake saa nne asubuhi atawakuta watoto peke yao, naye asiye na uzoefu anaweza kuandika kwamba mama hajali. Sentensi hiyo ikipita bila kuhojiwa na msimamizi, inaweza kumweka mtoto mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Ndiyo maana ziara moja haitoshi, na majirani, mwalimu na mjumbe wa mtaa nao husikilizwa.

Mwananchi ana haki ya kuelezwa mapema kwamba anayezungumza naye ni mwanafunzi. Akiona ugumu kueleza jambo lake mbele ya mwanafunzi, aombe kuhudumiwa na afisa mwenyewe. Kufanya hivyo si utovu wa adabu na hakupaswi kumpunguzia huduma. Aidha, mwanafunzi anafungwa na usiri uleule unaomfunga afisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inalinda taarifa za mtu zinazokusanywa na ofisi za umma na za binafsi. Picha ya mtoto aliyeungua, iliyopigwa kwa simu ili kupamba ripoti ya chuo, haina nafasi katika kazi hii. Jina la mteja nalo liondolewe kabla ripoti haijatoka ofisini.

Kwa upande wa vituo, zipo ofisi zinazompokea mwanafunzi kisha zikamtumia kudurufu nyaraka na kufuata chai. Huo ni upotevu, kwani mwaka unaofuata huenda kijana huyo akawa afisa pekee katika kata nzima. Kosa la upande wa pili ni kumwachia mashauri peke yake kwa sababu watumishi ni wachache.

Siku za mwisho za mafunzo zinahitaji makabidhiano. Familia iliyomzoea mwanafunzi ielezwe mapema kwamba anaondoka, itambulishwe kwa atakayeendelea na shauri, na kumbukumbu zote zibaki katika jalada la ofisi.

Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayebaini kuwa haki za mtoto zinakiukwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wa eneo lake. Taarifa hizo zinaweza pia kutolewa katika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa kupiga simu namba 116 bila malipo.