Paka wa Madoa wa Rukanga

Nyanya yangu wa Rukanga hajawahi kumpa paka jina. Paka ni paka, na kazi yake ni kuzuia panya wasimalize mahindi. Kwa hiyo Desemba nilipomwambia kuwa rafiki yangu wa Nairobi ameona picha ya paka wake na anataka kumnunua, alicheka hadi akakaa chini. "Kununua paka? Kwao hawazai?"

Paka mwenyewe ana madoa meusi kwenye manyoya ya rangi ya mchanga, na mkia wenye pete. Ukimwona magharibi karibu na banda la kuku, utadhani ni kanu amekuja kuiba. Rafiki yangu alisema huyo ni Bengal, pesa hiyo. Mwingine kwenye grupu yetu ya WhatsApp akabisha: huyo ni Sokoke, paka wa Kenya anayetambulika hadi Ulaya.

Bengal nilimwondoa haraka. Madoa yake yalitoka kwa paka-mwitu wa Asia, kupitia kazi ya Mmarekani Jean Mill aliyeanza kuwachanganya na paka wa nyumbani miaka ya 1960. Hakuna njia ya mnyama huyo kufika nyumbani kwa nyanya.

Sokoke ndiye aliyenikosesha usingizi. Wagiriama wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walimjua zamani, wakamwita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi pwani, aliokota watoto wa paka hao akawalea. Rafiki yake Gloria Moeldrup akawapeleka baadhi yao Denmark, wakaonyeshwa Copenhagen miaka ya 1980, na baadaye vyama vya Ulaya vikawakubali kuwa aina kamili. Manyoya yao ni mafupi, hayana sufi ya chini, kwa hiyo baridi inawasumbua. Hebu fikiria, paka wa Kilifi kwenye theluji! Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, wanatembea kama wananyatia. Na hawapendi kuachwa peke yao.

Kisha vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa Sokoke na paka wa mitaani wa Lamu ni ndugu, na ukoo wao uko upande wa Asia. Yaani huyo "paka wa msituni" naye ni mgeni wa zamani, na mimi nadhani alikuja na majahazi kama wengi wetu pwani.

Nilipomsomea nyanya habari hizi, alinisimamisha kwenye neno moja: Malindi. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani. Waingereza wakawaondoa mlimani, wote, wakawapeleka Malindi. Wengi walifia huko, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi chini ya mlima huu. Baba yake nyanya alikuwa mtoto kwenye safari hiyo. "Kwa hiyo paka alitoka huko akapanda ndege," nyanya akasema, "na sisi tulienda huko kwa miguu." Sikuwa na jibu. Nikazima simu.

Na paka wetu? Si Sokoke. Alama za Sokoke ni mabaka mapana yaliyozungukana kama maganda ya mti, si madoa. Huyu ni paka wa kawaida ambaye michirizi yake imekatikakatika. Ila Rukanga tuko katikati ya nyika, na paka-mwitu wa Afrika anazaana na paka wa nyumbani bila shida. Mchanganyiko huo ndio unaommaliza yule wa porini. Kwa hiyo matunzo ya maana hapa si shampuu. Ni kumhasi na kumchanja kichaa cha mbwa.

Nilimpeleka Voi ndani ya kapu la mkonge, akilia safari nzima, makanga akiniuliza kama paka analipa nauli. Daktari wa mifugo alipotaka jina la kuandika kwenye kadi, nilimpigia nyanya.

"Andika Paka," akasema. "Na umrudishe kabla ya giza, panya hawana likizo."