Bahari upande wa Somalia: iliuzwa ama tulionewa?

1/ Kila siasa zikipamba moto, kuna atakayesema "bahari yetu iliuzwa." Mwingine anajibu "korti ilituonea." Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Na Tanzania, mpaka wa baharini tuliuweka kwa kuandikiana barua rasmi, 1975 na 1976. Pande zote mbili zilikubali.

3/ Mwaka 1979 Kenya ikatangaza mpaka wake na Somalia: mstari ulionyooka kuelekea mashariki. Safari hii tulitangaza peke yetu. Baadaye tukadai kwamba Somalia ilinyamaza miaka mingi, na kunyamaza ni kukubali.

4/ Lakini sheria yetu wenyewe ya 1989 ilisema mpaka huo utawekwa kwa makubaliano. Halafu kuanzia 1991 Somalia ilikuwa vitani, haina serikali kamili.

5/ Somalia ikaenda The Hague 2014. Kilichogombaniwa: zaidi ya kilomita mraba 100,000 za bahari, zenye samaki na pengine mafuta. Machi 2021 Kenya ikasusia vikao. Hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba: hakuna ushahidi kwamba Somalia ilikubali. Majaji wakachora mstari wa katikati, wakausogeza kidogo kwa faida yetu. Kenya ikakataa hukumu.

6/ Kwa hivyo ukisikia "iliuzwa," uliza: mbona hatukupata sahihi yao kabla ya 1991? Watu wa Eldoret tunajua ploti. Jirani akinyamaza leo na huna karatasi, kesho mnakutana kortini.