Mia sita za Tennyson

Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaklava katika rasi ya Crimea, askari wa farasi wa Uingereza walipewa amri iliyoeleweka vibaya, wakaikabili mizinga ya Warusi ana kwa ana. Walikuwa 670 hivi. The Times likaandika 607. Alfred Tennyson, malenga wa Malkia, akalisoma, akatunga shairi lililochapishwa katika The Examiner Desemba 9 mwaka huohuo, na humo wapanda farasi ni 600 tu, wanarudi kila mwisho wa ubeti.

Alipoarifiwa kwamba idadi ilikaribia 700, alimwandikia John Forster, mhariri, kuwa kwa mizani sita inafaa kuliko saba. Ikabaki. Mtunzi yeyote aliyewahi kuhesabu silabi kwa vidole atamwelewa, hata kama jamaa za wale sabini waliokatwa wasingemwelewa.

Safari nyingine hakushinda kirahisi hivyo. Katika “The Vision of Sin” la 1842 alidai kila dakika anakufa mmoja na anazaliwa mmoja. Charles Babbage, mbuni wa mashine za kukokotoa, akamwandikia: ikiwa ni hivyo, mbona watu duniani wanaongezeka? Akapendekeza anayezaliwa awe mmoja na kisehemu juu yake, akikiri kwamba hesabu kamili isingeenea katika mstari. Matoleo ya baadaye yakaiondoa dakika, yakaweka kitambo kisicho na kipimo. Nadhani Tennyson alifanya sawa mara zote mbili: ile dakika ilikuwa inatoa hoja juu ya dunia, na hoja hukaguliwa, mia sita ni mshindo wa kwato.

China walikwishagombana juu ya jambo hili zamani. Katika karne ya 8, mshairi Du Fu aliusifu mvinje mkongwe wa hekalu la waziri wa kale Zhuge Liang: mzingo wake makumbatio 40, urefu wake chi (futi za Kichina) 2,000. Miaka mia tatu baadaye mwanasayansi Shen Kuo akapiga hesabu, akapata kipenyo cha chi 7, akauliza kama mti huo haukuwa mwembamba kupita kiasi. Aliyejitokeza kumtetea mshairi, Huang Chaoying, hakusema kwamba ushairi una ruhusa yake. Alichukua kipimo cha kale cha kumbatio, akakokotoa upya, na kipenyo kikafika chi 40.